Msiba wa Kondo Katika Maabara ya Nta

Mimi Zamda binti Mabruki wa Gongoni, Tabora, sikuzaliwa na subira, na asinisingizie mtu kwamba ninayo. Barua ya makao makuu ilipofika kwenye maabara yetu ya ushirika wa wafuga nyuki, mwaka wa sabini na nne, niliisoma mara moja tu, nikaipiga mezani kwa kishindo mpaka mwenzangu Veneranda nusura aangushe chupa aliyokuwa anaisuuza.

"Kuna nini tena, dada Zamda?"

"Kuna mtu anatoka Dar es Salaam kuja kunifundisha kazi!"

Barua ilisema mkufunzi atakaa nasi wiki mbili, atufundishe usalama: namna ya kushika vyombo, namna ya kushika dawa kali. Baadaye atakuja mtahini, atutahini mmoja mmoja, kila mtu nusu saa. Atakayefaulu atapata cheti na kubaki mezani. Asiyefaulu atahamishiwa bohari kuchambua nta.

Kuchambua nta si kazi mbaya, na wanaoichambua ni watu wema. Lakini mimi nilikuwa na miaka tisa pale mezani. Niliacha shule darasa la sita, nikaingia pale kuosha chupa, nikajifunza kwa macho mpaka nikawa ndiye mwenye kusema asali hii ni safi na hii imetiwa sukari. Wanaume wazima waliokuja na baiskeli kutoka Sikonge, madebe yamefungwa nyuma, walisimama mlangoni kwa adabu wakingoja mimi nifungue mdomo. Naipenda kazi ile. Naipenda kuliko nilivyompenda mume wangu wa kwanza, na mwenyewe anajua.

Kilichonikera zaidi kilikuwa mstari wa mwisho wa barua: ni marufuku kunyonya pipeti kwa mdomo. Pipeti ni mrija wa kioo wa kupimia. Unachovya ncha kwenye dawa, unavuta juu kama mtoto anavyovuta soda, dawa ikifika kwenye alama unaziba kwa kidole. Mimi nilikuwa fundi wa hapo. Nilivuta mpaka kwenye alama huku natazama dirishani nani anapita. Miaka tisa dawa haijanigusa ulimi, leo waniambie nimekosea? Thubutu!

Mkufunzi alishuka kwenye treni ya Jumatatu. Alikuwa mtu mfupi, mwenye tumbo la heshima, kapakata sanduku la bati kama mama aliyepakata mwana. Dionis, fundi mwenzetu wa tatu, kijana wa Ipuli asiyejua kunyamaza, ndiye aliyekwenda kumpokea. Walifika mlangoni tayari wanasukumana.

"Hamjambo Wanyamwezi?" mkufunzi alisema. "Naitwa Yahaya. Nimemwambia huyu anibebee sanduku akakataa. Tangu lini Mnyamwezi akakataa mzigo?"

"Ni Mzaramo!" Dionis alipiga kelele. "Dada Zamda, tumeletewa Mzaramo!"

Lahaula, kazi ikaishia hapo. Babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na pembe mabegani walipita kwa Wazaramo, wakala kwao, wakapigana nao, wakapatana nao, na tangu siku hizo sisi na wao ni watani. Mtani atakutukana, atakunyang'anya kofia, ataingia jikoni kwako apakue, na wewe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna, umejiaibisha mwenyewe. Veneranda, mtoto wa kanisani mpole kama maji ya mtungini, hata yeye siku ile alimwambia mgeni kwamba tumbo lake litalipiwa nauli ya pili.

Nami nilicheka. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, nikashindwa.

Basi akaanza kufundisha, na hapo ndipo tulipoharibikiwa. Kila alilosema tulilisikia kama utani. Alitusimamisha mbele ya chupa ya etha, ile dawa tunayotumia kupimia asali, akasema, "Mvuke wake hauonekani. Ni mzito, unatambaa juu ya meza mpaka ukute moto. Taa ya spiriti ikiwa mwisho wa meza kule, moto utaufuata mvuke mpaka kwenye chupa mkononi mwako."

"Kwenu hata moshi ni mvivu," Dionis akasema. "Umeshindwa kusimama, unatambaa!"

Tukacheka, na Yahaya naye akacheka.

Akasema tusile chakula ndani ya maabara. Nikamwambia sema tu kwamba unatamani mihogo yangu. Akatoa kwenye sanduku mipira miwili midogo ya kunyonyea, unaichomeka juu ya pipeti, unaiminya na kuiachia, dawa inapanda yenyewe. Nikaukamata mmoja, nikaubonyeza puani kwake ukapiga kelele ya ajabu. Tulicheka mpaka karani wa ofisi ya pili akaja kuuliza kama kuna harusi.

Siku ya nne akatoa miwani ya kukinga macho, mikubwa, ya plastiki nene. Alikuwa nayo moja tu. Kabla hajaivaa Dionis akaipokonya. "Nimeteka! Komboa kwa nazi mbili!"

"Tabora nitapata wapi nazi, wewe?"

"Mzaramo akose nazi? Andika barua kwenu."

Siku tatu Dionis alitembea na ile miwani juu ya paji la uso kama dereva wa lori. Yahaya aliomba, akabembeleza, akaahidi jogoo. Hatukumrudishia. Nasema hatukumrudishia kwa sababu na mimi nilikuwemo. Nilimwambia Dionis akaze.

Jumatatu ya wiki ya pili tulikuwa kwenye tindikali. "Sikilizeni," Yahaya alisema. "Tindikali ndiyo inayomiminwa ndani ya maji, kidogo kidogo. Msimimine maji juu ya tindikali. Itachemka papo hapo na kuruka. Ningewaonyesha kwa tone moja, lakini bila miwani sionyeshi. Dionis, nipe miwani."

"Mzaramo anaogopa maji!" Dionis akasema. Akachukua kikombe chetu cha kunywea, akakijaza bombani, na kabla sijafumba na kufumbua akakimimina kwenye bilauri ya tindikali iliyokuwa mezani.

Ilifoka. Sijui niseme nini zaidi, ilifoka kama mafuta yaliyoingiwa na maji, na bilauri ikapasuka. Dionis akaruka nyuma akipiga yowe, ameshika mkono. Miwani ilikuwa bado kwenye paji lake la uso, haikingi kitu.

Mimi sikumbuki kufikiri. Nilimkamata ukosi, nikamburuta mpaka kwenye pipa la maji nje ya mlango, nikautumbukiza mkono wote. Yahaya akamvua shati huku akimmwagia maji kwa kopo, kopo juu ya kopo, na kila Dionis alipotaka kutoka alimrudisha. "Bado. Bado. Nasema bado!" Tulimmwagia robo saa nzima. Mungu alimhurumia: mkono ulibabuka sehemu tatu ndogo, na shati la tetroni lililobaki lilikuwa matundu matupu. Hakuna tone lililofika machoni.

Dionis akatazama shati, akatazama mkono, akasema kwa sauti ya kutetemeka, "Mzaramo kaniroga."

Veneranda akacheka. Na mimi nikacheka, ile ya hofu inayotoka yenyewe. Kisha nikamwona Yahaya. Alikuwa amekaa chini, pale pale kwenye tope la maji tuliyomwaga. Hakuwa ananuna. Mtani hanuni. Alikuwa amechoka tu, mtu amechoka mpaka uso umebadilika, nami aibu ikanishika, aibu kweli kweli.

"Ndugu Yahaya," nikasema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, "sema. Leo hatucheki."

"Nilikuwa na kaka," akasema. "Kondo. Alikuwa fundi wa maabara kama nyinyi, kwenye kiwanda kimoja cha sabuni huko kwetu. Fundi hodari. Alikuwa ananyonya pipeti kwa mdomo huku anatazama nje. Siku moja akavuta kostiki, ile dawa kali ya kutengenezea sabuni, mtu akamwita jina, akageuka. Ilipita kooni. Aliishi siku nne."

Dionis akautazama mkono wake.

"Msibani watani walikuja. Wanyamwezi walikuwepo, wapo tele mjini. Mnajua mtani akija msibani anafanya nini. Anamwigiza marehemu, anamtukana, analizuia jeneza mpaka watu wacheke katikati ya kilio. Basi siku ile walimwona Kondo alivyokuwa, wakanyamaza. Hakuna aliyethubutu. Kaka yangu, mtu wa maskhara kupita wote mtaani, akazikwa kimya kama mtu asiye na watu. Mwaka wa tatu huu linaniuma. Nikaomba kazi hii ya kufundisha. Nilipoambiwa ni Tabora nilifurahi, nikasema nitawachekesha watani zangu na watanisikia. Kumbe ningewachekesha mpaka mkafe."

Veneranda alikuwa analia. Mimi silii upesi, mimi hukasirika, na nilikasirika na kila mtu: na Dionis, na wale Wanyamwezi wa Dar es Salaam, na zaidi na mimi mwenyewe, mwenye miaka tisa ya kutazama dirishani.

"Huyo Kondo alikuwaje?" nikauliza.

"Alikuwaje vipi?"

"Alitembeaje? Alisemaje? Umesema watani wa kwenu walishindwa kazi. Sisi ni watani pia. Wewe unafikiri Mnyamwezi anaacha deni la msiba?"

Alinitazama, akaelewa. Midomo yake ikaanza kucheza. "Alitembea miguu nje kama bata," akasema polepole. "Alipenda ubwabwa. Na alijisifu! Kila kitu yeye. 'Mimi Kondo mkono wa dhahabu.' Hakuna siku aliyokubali kwamba hajui."

"Dionis," nikasema. "Wewe umeunguzwa leo, wewe ndiye Kondo. Inuka."

Nakuambia, Dionis ana makosa yake lakini Mungu kampa kipaji. Akafungwa mkono kwa kitambaa cha Veneranda, akavaa koti jeupe, akaingia maabara miguu imetazama nje, tumbo mbele. "Mimi Kondo mkono wa dhahabu! Miwani ya nini? Macho yangu yananiogopa mimi, siyo mimi niyaogope!" Akachukua pipeti kavu, akaitia mdomoni huku anachungulia dirishani. "Eh, Mwajuma huyo anapita!" Akakohoa, akajishika koo, akaanguka juu ya magunia ya nta miguu juu.

Yahaya alitoa sauti ambayo sikujua kama ni kilio au kicheko. Kilikuwa kicheko.

Tukampakia Dionis juu ya ubao wa kukaushia vyombo, Yahaya na karani wa ofisi ya pili na watu wawili wa bohari waliokuja kuchungulia, wakaubeba kama jeneza. Mimi nikajilaza mlangoni. "Hapiti mtu hapa! Mimi ni mtani. Marehemu huyu hapiti mpaka mniambie kimemwua nini."

"Kondo kafa kwa ajali," Yahaya akasema.

"Ajali mama yako! Kondo alikuwa na mpira wa kunyonyea uko mfukoni. Kauweka wa nini, achezee watoto wake? Mdomo ulimzidi urefu! Rudi nyuma!"

Wakarudi nyuma. Wakaja tena, Veneranda akajitupa mbele. Veneranda yule yule mpole! "Hapiti! Kondo alijipikia ugali kwenye bilauri ya etha, taa ya spiriti inawaka pembeni. Moto ukatambaa, yeye akasema moshi mvivu! Mzikeni na sufuria lake!"

Marehemu akanyanyua kichwa kwenye ubao. "Niongezee la maji kwenye tindikali, hilo nina ushahidi."

"Maiti inyamaze!"

Mchana ule hakuna kazi iliyofanyika ofisi nzima. Tulimzika Kondo mara saba, kila mara kwa kosa jingine, na kila kosa tulilitafuta katika daftari la Yahaya lile tulilokuwa tunalicheka. Aliyerudia kosa lililokwisha kusemwa alifukuzwa msibani. Mpaka watu wa bohari wakajua kwamba kostiki haisafishwi kwa mkono mtupu. Yahaya alicheka mpaka machozi yakalowesha shati, kisha akaketi kwenye kiti akalia kidogo kwa haki, na sisi tukamwacha alie. Halafu Dionis akavua ile miwani, akamrudishia kwa mikono miwili.

Siku zilizobaki tulisoma kama watu wenye njaa. Lakini sikufichi, mimi nilikuwa na shida. Akili ilishakubali, mdomo haujakubali. Nikishika pipeti kichwa kinainama chenyewe. Veneranda alikuwa ananipiga kofi la mgongo kila nikisahau, na siku ya kwanza alinipiga mara kumi na moja. Mmoja wa ile mipira niliuchana kwa kuuminya kwa hasira. Ukabaki mmoja.

Mtahini alikuja Jumatatu iliyofuata. Aliitwa Ndugu Josepha, mama mrefu, saa ya mkononi, kalamu mbili, hana mzaha hata wa dawa. Yahaya alikatazwa kusema neno, akasimama ukutani mikono nyuma. Dionis alitahiniwa, akafaulu. Veneranda akafaulu. Nikaitwa mimi.

"Pima nta hii," Ndugu Josepha akasema. "Kostiki, sentimita za ujazo ishirini na tano kamili. Nusu saa."

Nikavaa miwani. Nikavaa glavu. Nikazima taa ya spiriti ya Veneranda iliyosahauliwa, nikafungua madirisha. Nikachomeka mpira juu ya pipeti, nikaminya, nikaachia. Dawa ikapanda kidogo, ikashuka. Nikaminya tena. Ikashuka. Nikautazama mpira: umepasuka ubavuni, joto la Tabora na dawa zimeula.

"Mpira umekufa," nikasema.

"Muda unakwenda," Ndugu Josepha akajibu, macho kwenye saa.

Pipeti ilikuwa mkononi mwangu, ncha iko ndani ya dawa. Ningeinama tu. Pumzi moja, nusu pumzi, na meza ile ingebaki yangu. Kichwa changu kilianza kushuka, naapa, nilikiona kinashuka. Nikaona wazi bohari na magunia, nikaona wale wanaume wa Sikonge wakingoja mlangoni mtu mwingine afungue mdomo. Nilitaka kulia kwa hasira.

Nikaiweka pipeti chini.

"Sinyonyi," nikasema. Na kwa kuwa nikishaanza siachi, nikaendelea: "Andika unavyotaka, mama. Nipeleke bohari, nipeleke kulima tumbaku. Koo hili la kwangu, nimelipata kwa Mungu, silipeleki kwenye kostiki kwa ajili ya saa yako!"

Nikabaki nimesimama, na ndipo macho yangu yakaangukia bureti juu ya kabati, ule mrija mrefu wenye alama na koki chini, ambao hujazwa kwa juu kwa faneli bila mtu kunyonya. Tulikuwa hatuutumii kwa kostiki kwa sababu unachelewesha na ukiuacha hivyo hivyo koki inaganda. Nikaushusha. Nikauosha, nikaufunga kwenye stendi, nikaujaza chini ya usawa wa macho, nikafungua koki tone kwa tone mpaka ishirini na tano kamili. Nikaosha koki papo hapo. Nikapika nta, nikamaliza kipimo, nikaandika jibu.

"Dakika saba umechelewa," Ndugu Josepha akasema.

"Nimechelewa," nikasema. "Lakini ulimi ninao."

Nikautoa, nikamwonyesha. Mtahini wa serikali, nikamtolea ulimi! Veneranda alijifunika uso. Yule mama akanitazama, akautazama ulimi, mabega yake yakaanza kutikisika, akacheka. Alicheka kicheko kikubwa kisichomfanana, akavua miwani yake ya kusomea akafuta macho. Kisha akainama, akaandika muda mrefu, akapiga muhuri, akanipa karatasi.

Nilisoma mwenyewe. Ilisema: *Zamda binti Mabruki amefaulu. Muda: amechelewa. Usalama: anaweza kufundisha wengine.*

Nikasoma mara ya pili, kwa sababu ya kwanza sikuamini. Nikakaa kwenye kiti changu, mezani pangu, nikalia mbele ya watu wote, mimi Zamda wa Gongoni, na sikuona haya hata chembe.

Yahaya, aliyeruhusiwa sasa kusema, akaja akasimama karibu yangu. "Mnyamwezi," akasema, "karatasi moja tu imekuliza. Ningekupa pembe ya ndovu ungefika nayo wapi?"

"Ningekupiga nayo," nikasema, nikamkumbatia.